Wanamaji Waliotua Mbali na Miti ya Mama Ewesit

Vijana wangu, nyinyi mnaoshinda mmeegemea ukuta nje ya kiwanja cha ndege cha Lodwar mkingoja kuitwa kibarua, nimesikia mnavyonong'ona nikipita. "Ndiye huyo. Ndiye aliyefukuza helikopta Kakuma." Halafu mnacheka. Msinong'one. Njooni karibu mniulize, nitawajibu kwa sauti. Ni mimi. Na mambo yakirudi kesho vile vile, nitafanya vile vile.

Ila hadithi mnayosimulia imeharibika njiani. Kuna anayesema niliiba utepe wa jeshi. Kuna anayesema nilirusha mawe. Sikurusha kitu. Nilikataa kumwambia mwanamke mmoja maneno ambayo nilijua ni uongo, basi. Yaliyofuata yalifanywa na punda, mbuzi na wanawake, na mimi nikalipa kwa bega langu hili, ambalo mpaka leo halinyanyuki vizuri asubuhi. Nina miaka arobaini na kitu tu, lakini mgongo wangu ulistaafu kabla yangu. Ndiyo maana nina nafasi ya kukaa nanyi hapa.

Mwaka wenyewe ulikuwa wa miaka ya tisini, wakati kambi ya Kakuma bado ni changa na magari ya Lodwar kwenda Kakuma yakienda kwa msafara, askari mbele na askari nyuma. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Todonyang nikinuka samaki. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikajaribu uvuvi, nikachoka na ziwa. Kabla ya hapo nilikuwa Kaaleng nikiuza sukari na tumbaku kwenye duka la mtu. Mama yangu kule Katilu alikuwa akisema, "Huyu mtoto nilimzalia barabarani." Hakukosea sana.

Basi wakaja wanamaji.

Lodwar nzima ilicheka. Wanamaji, na sisi mto wetu ukiwa mchanga mtupu! Wazee wa sokoni waliwauliza askari wale kama wameleta bahari yao kwenye ndege. Lakini bahari walikuwa nayo kweli, ila waliiacha mbali. Meli yao kubwa ilibaki pwani ya Mombasa, na wao wakaja kwa ndege na malori kufanya mazoezi pamoja na wanajeshi wetu, na kupeleka dawa kwenye zahanati za kaskazini. Nchi yao nitaiacha bila jina. Hainihusu tena.

Hapa ndipo huwa hamnisikilizi, mnataka nikimbilie helikopta. Ngojeni. Bila kujua jeshi la aina ile linavyopangwa, hamtaelewa kwa nini miti iliponea.

Aliyenifundisha ni sajini wao wa ugavi, mtu mnene, mwekundu kama tofali, mwenye sauti ya kuamsha wafu na moyo wa mtoto. Sisi vibarua tulimwita Sajini Sanduku, kwa sababu hakupita kwenye sanduku bila kuligonga kwa kidole na kuuliza lina nini. Siku ya kwanza alituambia tupakie lori la kwenda Kakuma. Mimi na mwenzangu Majok tulilipanga vizuri. Majok alikuwa mkimbizi kutoka Sudan ya kusini, Mkristo wa kuimba kwaya, mrefu hivi kwamba hakuhitaji kupanda lori ili afike juu ya shehena. Tulifanya kama tulivyozoea kupakia magari ya biashara: kizito chini, chepesi juu, kamba, turubai, kazi kwisha. Tukajipongeza.

Sajini akazunguka lori mara moja. "Mkifika Kakuma, kitu cha kwanza mtakachohitaji ni nini?"

"Maji," nikasema.

"Yako wapi?"

Majok akatazama chini ya lori kana kwamba maji yangechuruzika. "Iko chini, Sajini. Chini kabisa. Yeye ni mzito."

"Shusheni vyote."

Tulishusha vyote, jua la Lodwar likitupiga kisogoni, Majok akinung'unika kwa Kiarabu cha Juba maneno ambayo kwaya haiimbi. Sajini alishusha pamoja nasi. Kisha akatufundisha jambo ambalo nimelitumia maisha yangu yote, hata nikihama chumba: unapakia kinyumenyume. Unaanza kufikiria mahali unapokwenda, si mahali ulipo. Kitakachotumika mwisho kinaingia kwanza. Kitakachotumika kwanza kinaingia mwisho, kinakaa mlangoni. Uzito unaugawa kulia na kushoto, lakini usiuache uamue mpangilio. Jeshi linaloshuka mahali pageni halina muda wa kupekua. Hata meli yao, alisema, hupakiwa hivyo hivyo, na nafasi nyingi hupotea bure humo ndani. Mfanyabiashara angelia. Jeshi halilii, kwa sababu linanunua muda.

Tulipokuwa tukipumzika kivulini mwa lori nilimwuliza hao watu wote ni wa nani, maana niliona wengine hawasalimiani. Akachora mtu mchangani kwa kijiti. Mtu wa ajabu, ana mabawa.

Kichwa ni kamanda na watu wake wa redio na ramani. Kwetu alikuwa Kanali mmoja mkimya. Miguu ni askari wenyewe, wale wa bunduki na mizinga midogo. Mabawa ni helikopta na marubani na mafundi wao. Tumbo ni sisi: maji, mafuta, chakula, dawa, mafundi wa magari, wajenzi. Kila sehemu ina mkubwa wake, na wakubwa wote wanamsikiliza kichwa. Kikosi kikiwa kidogo, sehemu ni hizo nne. Kikiwa kikubwa cha kujaza meli nyingi, ni hizo hizo nne. Unaongeza watu, huongezi sehemu. Na hawatumi miguu peke yake, hata siku moja. Mtu mzima huenda mzima.

"Na tumbo," Sajini alisema akigonga lake, "linabeba vya kutosha ili wengine wapigane au wafanye kazi bila kuomba mtu yeyote kitu. Vikianza kuisha, meli inaleta. Kazi ikiisha, tunarudi melini na hatuachi kitu nyuma. Hata msumari."

Hilo la msumari mlikumbuke.

Akaniambia pia wanavyoshuka. Kwanza kunatangulia kundi dogo: watu wachache kutoka kila sehemu, wa kichwa, wa miguu, wa mabawa, wa tumbo. Hao wanatafuta mahali, wanapima, wanaweka alama: hapa mahema, hapa maji, hapa pa kutua. Kundi kubwa likifika linakuta kila kitu kina mahali pake.

Nikamwambia kwetu ni hivyo hivyo tukihama. Vijana wanatangulia kuangalia majani na maji, wanarudi kusema, ndipo punda wanapakiwa. "Na nani anapakia?" akauliza. Nikasema wanawake. Mama yangu alikuwa akipakia punda huku akitutukana, na tulipofika mahali papya, ngozi za kufunika kibanda zilikuwa juu kabisa, jua lisitupate hata kidogo. Sajini alifurahi sana. Alinifanya nirudie.

Mimi nilichukuliwa na kundi la kutangulia kwa sababu nilijua Kiturkana, Kiswahili na Kiingereza cha darasani. Tulikwenda Kakuma, tukapewa eneo kando ya mto Tarach, juu kidogo ya kambi ya wakimbizi. Walikuwa na ruhusa ya eneo. Ruhusa hiyo haikusema kitu kuhusu miti.

Nyinyi mliozaliwa mjini labda hamjui. Ile migunga mnayoiona kando ya mto, ile tunayoiita ewoi, si ya porini. Kila kipande cha ukingo kina wenyewe. Tunaita ekwar. Hakina ua, hakina lango, lakini uliza mtoto yeyote wa pale atakuonyesha mpaka: kutoka mti ule wenye kigongo mpaka pale mto unapopinda ni kwa nyumba ya fulani. Kiangazi kikikaza, majani yote yakiwa vumbi, maganda ya ewoi ndiyo yanayobaki. Mwenye miti anayaangusha kwa mti mrefu wenye ndoana, mbuzi wanakula, watoto wanapata maziwa. Asiye na miti anaomba kwa aliye nayo. Ukikata ekwar ya mtu umekata ghala lake, na kuikuza tena kunachukua umri wa mtu. Wakimbizi wenyewe waligombana na wenyeji mara nyingi kwa sababu ya kuni, na Majok alilijua hilo kuliko mimi. Alishafukuzwa na wanawake wenye fimbo zaidi ya mara moja.

Mkubwa wa mabawa alikuwa Meja. Mtu safi, hata vumbi la Kakuma lilimwogopa. Alitaka helikopta zitue karibu kabisa na mahema, ili dawa na watu wasibebwe mbali. Kwa ufundi wake hakuwa mjinga. Kila hatua ya kubeba ni jasho na ni hatari. Ile helikopta ndogo aliyokuja nayo ilikuwa imeachwa mbali, kwenye uwanda wa changarawe, na njia ya kutoka huko ilikuwa miiba na mawe yenye moto. Akatembea ukingoni, akaona miti, akaona nafasi. Akaagiza miti ya katikati ifungwe utepe mwekundu. Yenye utepe ingekatwa.

Asubuhi utepe haukuwepo.

Meja akaita walinzi, akauliza nani kaingia. Hakuna. Ukafungwa tena. Kesho yake hakuna. Akaanza kuzungumza habari za hujuma. Mimi nilikuwa nimekwenda kisimani mchangani na Majok, nikauona: umekatwa vipande, umesokotwa, umepangwa vizuri katikati ya shanga, shingoni mwa kila msichana aliyekuja kuteka maji. Na uliwapendeza!

"Lokiru," Majok akaniambia, "wewe nenda ambia Meja hujuma yake iko hapa, inachota maji."

Nilimwambia. Sajini alicheka mpaka akakaa chini. Meja hakucheka. Akaagiza rangi.

Rangi haivaliki. Na rangi ndiyo iliyomleta Mama Ewesit, mwenye ekwar ile.

Alikuja peke yake, mwanamke mrefu, umri wake labda kama wa dada yangu mkubwa, shanga zimepanda mpaka kidevuni, mti wenye ndoana mkononi. Askari mmoja akashika bunduki alipoona ile ndoana. Mama hakumtazama. Alinisalimu mimi.

"Ejok?"

"Ejok-noi, Mama Ewesit."

"Hawa wageni wako wanaipaka miti yangu damu ya nini?"

Meja akaja. "Anasema nini?"

"Anauliza kwa nini mnapaka miti yake."

"Miti yake? Mwambie huu ni msitu. Hakuna ua, hakuna lango, hakuna shamba. Ni ya porini."

Nikamwambia neno kwa neno. Mama Ewesit akageuka, akatazama mbali, kule uwandani ilikosimama helikopta ndogo inameremeta.

"Mwulize. Ule mdudu wake umesimama kule hauna ua wala lango. Nao ni wa porini? Niende niukate?"

Nikatafsiri. Nilitafsiri vizuri, sikuacha hata chembe ya chumvi. Sajini, aliyekuwa akihesabu mapipa, akageukia upande mwingine mabega yakimtikisika.

Meja akavuta pumzi. Alibadilisha sauti, ikawa laini. Sauti laini ndiyo ya kuogopa, vijana wangu, mkiwa wakalimani. "Mwambie tutapanda mingine. Tukimaliza mazoezi tutapanda mingi kuliko hii."

Nikaigeukia miti.

"Mwambie."

"Nani atabaki kuimwagilia?" nikauliza.

"Hilo si lako. Mwambie."

Sasa kumbukeni msumari. Mimi nilikuwa nimekaa kivulini mwa lori nikafundishwa kwamba kikosi hiki hakiachi kitu nyuma. Kisichoacha msumari kitaacha mtu wa kumwagilia mche Kakuma? Nilijua ni uongo, naye Meja alijua. Mama Ewesit peke yake ndiye hakujua, na angeusikia kwa sauti yangu, kwa Kiturkana changu, kama ahadi ya mtoto wa Katilu.

"Siwezi kumwambia hilo," nikasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wewe utarudi melini. Mimi nitabaki, na atakayeitwa mwongo ni mimi."

"Nimekuajiri useme ninachosema."

"Basi tafuta mwingine wa kusema hilo."

"Vua hiyo fulana," Meja akasema.

Vibarua tulipewa fulana za rangi ya chungwa ili tuonekane kwa mbali. Nikaivua. Kulikuwa na tawi karibu, kwenye mti wenye rangi, nikaitundika hapo. Nikabaki kifua wazi kama siku niliyozaliwa, na sikusogea.

Meja akamwita Lokwawi, kibarua mwingine, Mturkana, aliyezungumza Kiingereza kuliko redio. Lokwawi akamtazama Mama Ewesit, akanitazama mimi, akajikuna kisogo.

"Mimi hapana jua Kiingereza, bwana," alisema kwa Kiingereza.

Akaitwa wa tatu. Huyo alikuwa kiziwi ghafla. Wa nne alishikwa na tumbo. Mpaka Majok, ambaye kweli hakujua Kiturkana, alipoulizwa alijibu kwamba hata hicho asichokijua amekisahau. Mama Ewesit alisimama akitutazama wote. Hakuambiwa kilichosemwa. Nadhani alielewa kuliko aliyeambiwa. Akaninyooshea ile fimbo yake.

"Wanakata lini?"

Swali hilo nilimjibu, kwa kuwa halikuwa la Meja. "Kesho, msumeno ukishapatikana."

"Ejok," akasema, yaani vyema, akaenda zake.

Asubuhi tuliamshwa na kengele za punda.

Nimeona jeshi likishuka. Nimeona malori yakimwaga watu na mahema yakisimama kama uyoga. Lakini sijaona watu wakishuka mahali kama walivyoshuka wanawake wa ekwar ile. Mama Ewesit alikuja na wake wenzake, na dada zake, na mashemeji wa jirani zake, na punda, na mbuzi, na watoto mgongoni. Hakuna aliyepiga kelele. Walikwenda moja kwa moja kwenye miti yenye rangi, kila mmoja mti wake, kama waliogawiwa. Ngozi zikashuka kwanza, vibanda vikafunikwa. Kisha madumu ya maji. Kisha vyungu. Vibuyu vya maziwa vikatundikwa matawini, karibu na fulana yangu. Jua halijapanda vizuri, chini ya kila mti uliohukumiwa kulikuwa na nyumba, na ndani ya nyumba kuna mtu anapika.

Sajini Sanduku alikuwa amesimama na kikombe chake cha kahawa, haoni hata inzi waliomo ndani.

"Lokiru. Nani mkubwa wao wa ugavi?"

"Wote," nikasema.

"Ngozi zilikuwa juu," akasema polepole. "Ulinieleza. Ngozi zilikuwa juu."

Mtu wa msumeno akafika, msumeno wa injini begani. Mwanamke mmoja akamkaribisha uji. Akauweka msumeno chini, akanywa. Sijui alikuwa na njaa au alikuwa na akili.

Kanali alikuja siku hiyo hiyo. Helikopta yake ilizunguka juu ya mto, rubani akaangalia pa kutua, akaona moshi wa vyakula na mbuzi. Akaenda kutua uwandani. Kanali akaja kwa miguu, miiba imemshika suruali, jasho mpaka kwenye mkanda. Akawaita wakubwa wa sehemu chini ya mti mmoja, huku mtoto wa Mama Ewesit akivuta kamba za viatu vyake. Mimi nilikuwa nimefukuzwa, kwa hiyo sikuwa na pa kwenda. Nikasimama hapo hapo.

Meja alisema yake. Sehemu ya kutua iko mbali, kubeba kutachukua nguvu, ratiba itachelewa, hawa watu waondolewe. Yote yalikuwa kweli kwa mabawa.

Kanali akamgeukia Sajini. "Na tumbo linasema nini?"

Nilidhani atasema kitu cha huruma. Hakusema. Alisema mambo ya tumbo. Kwamba ana dawa ambazo zikipata jua la Kakuma zinaharibika. Kwamba mifuko yake mikubwa ya mpira ya kuwekea maji itachemka. Kwamba ramani ya mahema yake yote imepangwa juu ya kivuli hiki. "Meja akinikatia miti, Bwana Kanali, itabidi nilete kivuli kutoka melini, na sikupakia kivuli."

Meja akasema, "Na mizigo kutoka uwandani itabebwa na nani?"

Kanali akatazama vibarua. Vibarua wakatazama uwanda, ule moto wa changarawe unaocheza machoni. Nami nilijua kwamba tusipojibu, msumeno utajibu.

"Sisi," nikasema.

"Sisi nani?" Majok akaruka. "Wewe umefukuzwa tayari! Wewe hapana sisi! Sisi ni hawa wenye fulana!"

Hata Kanali alicheka, na nadhani kicheko hicho ndicho kilichoiokoa miti. Mtu akishacheka, ni vigumu kurudi kuagiza msumeno. Majok akanitazama kwa hasira, kisha akatazama wale watoto chini ya miti, kisha akatema mate. "Haya. Tutabeba. Lakini huyu atabeba ya kwanza, na ya mwisho, na ya mimi."

Kanali akaniambia nivae, nimwulize Mama Ewesit kama kikosi kinaweza kukaa chini ya miti yake bila kuikata. Nikaitwaa fulana kutoka tawini. Ilikuwa inanuka moshi na maziwa. Nikamwuliza.

Alichokoa meno kwanza. "Wakae. Ni wageni. Shoka hapana. Kamba ya kula gome hapana. Na maganda yakianza kuanguka mbuzi wangu wanaingia, awepo askari wa nguo za majani au asiwepo."

Nikatafsiri neno kwa neno. Kanali akakubali, akampa mkono. Mama Ewesit akautazama ule mkono, akaweka ndani yake ganda moja la ewoi. Kanali hakujua alifanyie nini. Akalitia mfukoni.

Basi tukabeba. Masanduku ya dawa, mapipa, mahema, nyaya, viti vya kukunja vya wakubwa, na mimi ya kwanza, ya mwisho na ya Majok. Changarawe ilikula viatu vyangu. Wenzangu walinitungia wimbo wa matusi, wa kupokezana, Majok akiwa kiongozi wa kwaya, na niwaambie ulikuwa mtamu. Maganda yalipoanza kuanguka juu ya mahema ilikuwa kama mvua ya mawe, na mbuzi wakaingia kama walivyoahidiwa. Mmoja alikula kofia ya Meja. Sikumtuma.

Kazi ilipokwisha waliondoka kama walivyokuja: mahema ya mwisho kuhitajika ndiyo ya kwanza kufungwa, maji ndiyo ya mwisho, na msumari haukubaki. Vibarua waliopendwa walipandishwa lori kwenda kituo kilichofuata. Mimi sikupandishwa. Meja hakusahau. Sajini alishuka garini, akanigonga kifuani kwa kidole kama sanduku, akasema, "Hili lina kitu," akapanda tena. Majok alinipungia mkono mpaka vumbi likamfunika. Nikasimama barabarani Kakuma bila kazi, bega limevimba, na tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa barabara kuliko mama yangu alivyodhani.

Kwa hiyo mkisema niliharibu bahati yangu, semeni. Niliiharibu nikiwa macho, saa za mchana. Wengine wanakuja siku hizi na tepe za rangi nyingine, na watawahitaji nyinyi kwa sababu mnajua lugha. Pakieni mizigo yao kinyumenyume, mfanye kazi kuliko mlivyoagizwa. Lakini wakiwapa uongo muubebe mpaka mlangoni kwa mama zenu, uwekeni chini. Fulana ni yao. Mdomo ni wako.

Kiangazi kilichopita nilipita Kakuma. Miti ipo. Mmoja bado una alama ya rangi, imepasuka na kutawanyika kadiri gome lilivyonenepa, lakini ipo. Mama Ewesit alikuwa akiangusha maganda, mbuzi wamemzunguka. Amezeeka, ndoana ni ile ile. Tulisalimiana, akanipa fimbo bila kuniuliza kama bega linaweza.

"Wale wenye midudu," akasema, "walisema watarudi?"

"Hawakusema."

"Wakirudi waambie watue kule kule." Akaonyesha uwanda kwa kidevu. "Wewe utabeba."

"Nitabeba," nikasema, nikaivuta ndoana.